Mahindi ni ya Nani?

Nyumbani kwetu Lushoto hatukula mahindi, tulikula mapemba. Ndivyo Kisambaa kinavyoyaita, na ndivyo bibi yangu mzaa mama alivyoyaita mpaka anafariki, ingawa Kiswahili alikijua vizuri na alikitumia kila alipoteremka Mombo kuuza ndizi. Neno mahindi nilikutana nalo shuleni. Kwa muda mrefu mapemba kwangu yalikuwa chakula, na mahindi yalikuwa somo la kusoma kwa sauti pamoja na darasa zima.

Bibi aliyatunza masuke juu ya dari la jiko, moto uyakaushe na moshi uwafukuze fukusi. Yalikuwa mahindi ya zamani, si haya meupe pe ya siku hizi. Ungemenya suke moja ukakuta punje nyeupe, za njano, nyekundu iliyokolea, na moja moja zinazokaribia zambarau. Jioni tulikaa kupukuchua, magunzi tukiyatupa pembeni kwa ajili ya kuni za asubuhi. Katika jioni hizo nilimwuliza kwa nini yanaitwa mapemba. Akasema yalitoka Pemba, yakaletwa na watu wa pwani, na wazee wake walimweleza hivyo. Nilipomwambia kuwa mwalimu wetu anasema yalitoka India, kwa Wahindi, ndiyo maana ni mahindi, alinyamaza kidogo huku akiendelea kupukuchua. Kisha akasema, "Basi mjukuu wangu, kamwulize mwalimu wako, hao Wahindi nao waliyatoa wapi?"

Sikuthubutu kumwuliza mwalimu. Zama hizo mwanafunzi hakumwuliza mwalimu swali la namna hiyo. Lakini sijapata kusikia swali bora kuhusu historia ya jina la mmea wowote, na kila nilichojifunza baadaye kuhusu mahindi nimekijifunza nikiwa nalitafutia jibu.

Mwaka 1974 nilikuwa sekondari ya bweni. Mvua zilikuwa zimekataa, mavuno yamekuwa haba karibu nchi nzima, na serikali ilikuwa imetangaza kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Shuleni tuligawanywa makundi ya kulima, lakini shamba la wanafunzi haliwezi kulisha bweni kwa mwezi mmoja. Ndipo yalipofika magunia ya mahindi ya msaada kutoka Marekani. Yalikuwa ya njano. Wapishi walisonga ugali wa njano, na siku ile ile ya kwanza, kabla sahani hazijaisha kugawiwa, ugali ule ulikuwa na jina: ugali wa Yanga.

Msomaji wa Tanzania wa rika langu hahitaji kuelezwa. Kwa vijana wa leo nieleze kuwa jezi za Yanga ni njano na kijani, na kwamba nchi nzima, kutoka Bukoba hadi Mtwara, iliupa unga ule jina hilohilo bila mtu yeyote kutoa tangazo. Wapenzi wa Simba mezani kwetu waliapa hawatautia mdomoni. Waliutia, maana njaa haina timu. Wengine walilalamika kuwa una harufu, wengine kwamba Wamarekani huwapa ng'ombe wao. Hilo la ng'ombe lilikuwa na ukweli, kwa sababu mahindi ya njano Marekani hulishwa mifugo kwa wingi. Lakini punje ile ya njano ina kitu ambacho punje nyeupe haina: rangi yenyewe hutokana na karotenoidi, na baadhi yake mwili huzigeuza kuwa vitamini A. Masuke ya rangi mchanganyiko ya bibi yangu yalikuwa nayo vilevile.

Mwalimu wetu wa jiografia alisimama mlangoni mwa bwalo akatutazama tukilalamika. Akasema, "Leo mnakula mahindi yaliyotoka kwao." Hakuna aliyemwelewa. Kipindi kilichofuata akachora ramani ya Amerika ubaoni, akatia alama kusini-magharibi mwa Meksiko, akasema mmea huu ulizaliwa hapo. Nilikumbuka swali la bibi. Wahindi nao waliyapata kwa watu wengine, na watu hao wengine waliyapata kwa wengine tena, mpaka mwisho wa kamba ukafika kwenye bara ambalo wazee wetu hawakupata kusikia habari zake.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu wakati ule. Mahindi yalikuwa yameingia bwaloni kwetu yakiwa na anwani ya bara la asili yake imeandikwa kwenye gunia, na sisi hatukuyaita ya Marekani. Tuliyaita kwa rangi ya klabu ya mpira. Watu hawapi kitu jina baada ya kuchunguza nyaraka. Hukipa jina kwa kile kinachowagusa kwanza, na kilichotugusa sisi kilikuwa rangi iliyokuwa ikitukodolea macho sahanini.

Baadaye nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na neno mahindi likawa rafiki yangu darasani. Hakuna mfano bora wa kufundishia ngeli. Niliandika ubaoni sentensi mbili: "Mhindi ameanguka" na "Mhindi umeanguka." Kisha niliuliza ni wapi tutamwita daktari na ni wapi tutaleta jembe. Hata mwanafunzi aliyelala mwisho wa darasa aliamka. Mtu na mmea wana umbo moja la jina katika umoja, na kinachowatenganisha ni kitenzi. Katika wingi wanaachana kabisa, Wahindi huku na mihindi kule, kisha zao lenyewe likaenda njia yake: hindi moja, mahindi mengi.

Mzizi wa jina hauna fumbo. Hindi ni jina ambalo pwani yetu, kwa kupitia Kiarabu, imeiita nchi ya ng'ambo tangu kale, na bahari yenyewe hadi leo ni Bahari ya Hindi. Mahindi ni nafaka ya Hindi. Fumbo lipo kwingine. Niligundua hivyo siku nilipokuwa Tanga nanunua nafaka katika duka la mzee mmoja ambaye wazazi wake walitoka Gujarat. Nilimtania kuwa ananiuzia vya kwao. Alicheka, lakini akanijibu kwa dhati.

"Mwalimu, nyumbani sisi hatusemi hivyo. Tunasema makai. Hindi ni nchi, si chakula."

Mke wake, aliyekuwa akisikiliza kutoka nyuma ya pazia, aliniletea bakuli la makai paka, vipande vya mahindi mabichi vilivyopikwa kwa tui la nazi, pilipili na ndimu. Chakula hicho kimezaliwa hapahapa pwani katika majiko ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Nilikula mahindi kwa Mhindi, na kwa Mhindi hayakuwa mahindi.

Tangu siku hiyo nikaanza kukusanya majina. Sikuwa na mpango wa kitaaluma. Nilikuwa nikikutana na mgeni namwuliza kwao wanaitaje mahindi, na niliposoma kitabu nilitega jicho. Kilichojitokeza ni jambo ambalo mpaka leo linanifurahisha kuliko mengi niliyojifunza.

Waswahili tunasema yametoka Hindi. Huko Hindi, jina ni makai kwa Kigujarati na makka kwa Kihindi, na wapo wengi wanaolisikia kama jina la mji mtukufu wa Makka. Waarabu wa Misri wanayaita mtama wa Sham, yaani wa Syria na jirani zake. Waturuki wanayaita mısır, na Mısır kwa Kituruki ndiyo Misri. Wahausa nao wanasema masara, kwa sababu kwao Misri ni Masar. Ukivuka kwenda Italia unakuta granturco, nafaka ya Kituruki. Mjerumani Leonhart Fuchs, aliyetoa kitabu chake kikubwa cha mimea mwaka 1542 chenye picha ya mahindi iliyochorwa vizuri sana, aliyaita nafaka ya Kituruki na akaandika kuwa yaliingia Ujerumani kutoka Ugiriki na Asia. Waethiopia walikuwa na jina la mtama wa bahari. Kila mtu ananyoosha kidole kwa jirani, na jirani akiulizwa ananyoosha kidole mbele zaidi.

Wataalamu wengi wakifika hapa husema majina haya ni makosa. Mimi nakataa. Mturuki hakudai kuwa mmea huu uliota kwa mara ya kwanza Misri. Alisema kuwa yeye aliupokea kutoka upande wa Misri, na mashahidi wa jambo hilo ni masoko na majahazi. Mtaliano alisema aliupokea kwa njia ya mashariki iliyokuwa mikononi mwa Waturuki. Kila jina ni stakabadhi ya mkono wa mwisho. Tukizipanga stakabadhi hizo kwa mfuatano, tunaona namna mmea mmoja ulivyoizunguka dunia katika muda mfupi kuliko zao lolote kubwa kabla yake, ukipitia njia za biashara ambazo wanahistoria wangehitaji rundo la hati kuzithibitisha. Mkulima asiyejua kusoma ametuhifadhia ushahidi huo kwa kulitamka tu jina kila siku.

Watu waliokuwa mwanzo wa kamba hawakuhitaji kunyoosha kidole popote. Miaka 9,000 hivi iliyopita, katika bonde la mto Balsas huko Meksiko, watu walianza kuchagua mbegu za nyasi moja ya porini, nyasi yenye kisuke chembamba cha punje chache zilizofunikwa gamba gumu kama jiwe. Kizazi baada ya kizazi walichagua lililo bora, mpaka wakapata suke tunalolijua. Mmea waliouumba hauwezi tena kuishi bila binadamu. Suke lililofungwa maganda likianguka lenyewe, punje zake huota kwa kusongamana na kufa. Lazima mkono wa mtu uyamenye, uyapukuchue na uyapande. Wazungumzaji wa Kinahuatl, lugha ya Waazteki, walikuwa na neno elotl kwa suke bichi na centli kwa suke kavu, na ile nyasi ya kale waliihusisha na miungu, wakaiita teocintli. Wamaya nao, katika kitabu chao Popol Vuh, wanasimulia kuwa binadamu wa sasa aliumbwa kwa unga wa mahindi.

Jina lililoenea Ulaya halikutoka kwao bara. Lilitoka visiwani, kwa Wataino wa Karibi, waliosema mahiz. Christopher Columbus alifika Cuba mwishoni mwa Oktoba 1492 akiamini amekaribia Hindi na milki ya Mfalme wa China. Tarehe 2 Novemba aliwatuma watu wawili kwenda ndani ya kisiwa, na mmoja wao alikuwa Luis de Torres, mkalimani aliyejua Kiebrania, Kikaldayo na Kiarabu kidogo. Nikifikiria Kiarabu kikitamkwa katika kijiji cha Wataino, watu wakitazamana, nachoka. Wajumbe walirudi baada ya siku chache wakiwa hawajamwona mfalme yeyote. Walichokiona ni mashamba, na miongoni mwa vilivyolimwa ilikuwamo nafaka ambayo Wahispania waliilinganisha na nafaka ndogondogo za kwao. Wataino waliwaambia jina, na jina hilo likawa maíz kwa Kihispania, maïs kwa Kifaransa, maize kwa Kiingereza. Mwaka 1753 Linnaeus alipoupa mmea huo jina la kitaalamu, Zea mays, sauti ya Wataino ilikuwa ndani yake.

Wataino wenyewe walivunjwa. Ndani ya muda wa vizazi viwili, vita, kazi za kulazimishwa na maradhi yaliyoletwa na meli yaliangamiza sehemu kubwa sana ya watu wa visiwa vile. Kila nilipomaliza kufundisha habari hii nilikuwa nasimama kidogo hapo, kwa sababu dunia nzima inakula chakula walichokitaja, na wachache mno wanajua kuwa walikuwepo.

Kwa hiyo Mwingereza wa zamani aliposema "nafaka ya Kihindi" na Mswahili aliposema "mahindi", walikuwa wakizungumzia Hindi mbili tofauti. Hindi ya Mwingereza ni ile ya Columbus, ambayo haikuwa Hindi, na Wahindi wake ni wenyeji wa Amerika. Hindi ya Mswahili ni Hindi kweli, yenye Gujarat na Calicut, inayofikika kwa kungoja kusi. Majina mawili yamefanana kama mapacha na hayana baba mmoja.

Swali linalobaki ni Wareno. Wao ndio waliohusika zaidi kuyaeneza mahindi kwenye pwani za Afrika, na pwani yetu waliishika tangu zama za Vasco da Gama, aliyetia nanga Malindi mwezi Aprili 1498 na kupata hapo mwelekezi wa kumfikisha Calicut. Walikaa mpaka Waomani walipoitwaa Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1698. Walituachia meza, gereza, leso, karata na mvinyo. Walituachia hata pera, tunda la Amerika lililopewa jina la tunda jingine kabisa la Ulaya. Kwa nini basi hatukusema nafaka ya Kireno?

Tukivuka upande wa pili wa bara, watu wa Kongo walisema hivyo hasa. Filippo Pigafetta, aliyeandika habari za ufalme wa Kongo kwa kumsikiliza mfanyabiashara Duarte Lopes na kuzichapisha mwaka 1591, anataja masa ma Mputu, nafaka ya Ureno, na anaongeza kuwa haikuthaminiwa, hulishwa nguruwe. Wareno walewale, mmea uleule, karne ileile, lakini jina tofauti. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba kule Kongo Mreno ndiye aliyekuwa mlango pekee wa vitu vya baharini. Huku kwetu milango ilikuwa mingi, na ilikuwa wazi karne nyingi kabla yake. Kila kaskazi ilileta majahazi yenye nguo na shanga za Gujarat. Mreno alikuwa na mizinga, lakini sokoni aliyezoeleka alikuwa Mhindi. Kitu kipya chenye umbo zuri kikitokea gulioni, mtu wa Lamu au Kilwa alijua vitu kama hivyo hutoka wapi.

Pemba ya bibi yangu nimeichunguza pia. Maelezo yake yanapendeza, na Pemba kweli ilikuwa kisiwa cha chakula kilicholisha Mombasa. Hata hivyo Wakamba wanasema mbemba, Wakikuyu mbembe, na kwa sikio langu mzizi huu una nasaba pana kuliko kisiwa kimoja. Sauti kufanana haitoshi, kama isivyotosha kwa makka na Makka. Lakini naheshimu kuwa aliyenieleza hivyo alikuwa akifanya kazi ileile inayofanywa na kila taifa: kuuliza nani alitukabidhi.

Nilipostaafu nilifanya safari niliyoitamani, kwa basi hadi Kasumulu, nikavuka mto Songwe na kushuka Malawi mpaka Lilongwe. Sokoni nilimwona mama amepanga masuke ya kuchoma, nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha shule yanaitwaje. "Chimanga." Nilitaka kumkumbatia. Manga! Neno hilo tunalo sisi: pilipili manga, komamanga, Wamanga waliotoka Oman. Kitu cha manga ni kitu cha pwani, cha Waarabu, cha mbali ng'ambo ya maji. Mahindi yalipopanda kutoka pwani kwenda ziwa Nyasa, wapokeaji wa bara hawakujua habari za Hindi. Walijua yametoka upande wa pwani kwa watu wa Manga, wakaandika stakabadhi yao. Kwa hiyo watu wa pwani, waliokuwa wamenyoosha kidole Hindi, walikuwa nao wamenyooshewa kidole nyuma yao.

Lipo pia neno moja la Wataino ambalo lilifika kwetu likiwa hai. Si mahiz, ni batata. Wataino waliita hivyo kiazi kitamu, Wareno wakalibeba, likahamia kiazi kingine, na ndilo mbatata la Zanzibar. Bara tunasema viazi ulaya, tukimshukuru tena mleta badala ya mlimaji, maana kiazi hicho ni cha milima ya Andes. Mpemba anayemenya mbatata anatamka neno la watu waliompa Columbus chakula.

Nimesema majina haya si makosa. Lakini kuna jambo ambalo yanatuambia na hatulisikii. Nafaka inapoitwa ya Hindi, ya Manga, ya Sham au ya Mputu, inakiri kuwa ni mgeni na kwamba nyumbani palikuwa na mwenyeji. Kwetu mwenyeji huyo ni mtama, pamoja na uwele na ulezi. Vitabu vya shule huandika kuwa ugali wa mahindi ni chakula chetu cha asili, na vijana wanaamini. Ugali ni wa asili. Unga wake umebadilika, na umebadilika juzi tu katika maeneo mengi ya bara. Mahindi meupe yenye punje pana tunayoyaona leo kuwa ndiyo mahindi halisi yalienezwa na walowezi wa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mbegu kama Hickory King iliyotoka Marekani kupitia Afrika Kusini, kwa sababu viwanda vya wanga vya Uingereza vilitaka weupe. Kisha mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kikatoa H611, mbegu chotara ya kwanza ya Kenya, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na Ecuador 573, mahindi ya nyanda za juu za Ecuador. Amerika ilitukabidhi tena, na safari hii jina likawa namba. Lushoto leo mkulima anakwambia amepanda sita kumi na nne, na jirani anaelewa.

Ndugu yangu mmoja alihamia Kongwa, mkoani Dodoma, na huko ndiko ninakokwenda siku hizi mara kwa mara. Ni nchi kavu. Mvua ikikatika mahindi yanapoanza kutoa mbelewele, msimu umekwisha. Mtama husinyaa, hungoja, na mvua ikirudi huendelea. Maofisa ugani wamesema hivyo miaka mingi, lakini mtama umebandikwa aibu, umekuwa chakula cha mwaka mbaya na cha bia. Nimesikia kijana akisema hawezi kumwoa binti wa nyumba inayokula ugali mwekundu. Alilisema kwa Kigogo, mbele ya nyanya yake aliyemlea kwa mtama huohuo, na nikaona uchungu ukimpita yule mama usoni.

Siku iliyofuata nilikwenda kumsalimu. "Mbukwenyi, bibi." Alikuwa amekaa chini ya mbuyu na vibuyu vya mbegu, akichagua. Nikamwomba anitajie mbegu zake za mtama kwa majina, nikatoa daftari. Akaanza. Kulikuwa na wenye suke lililosimama na wenye suke lililoinama, na kila mmoja ulikuwa na jina kutokana na namna hiyo. Mwingine uliitwa kwa rangi ya punje, mwingine kwa sababu ndege hawaupendi, mwingine kwa kuwahi kukomaa kabla njaa ya Februari haijauma. Mmoja ulikuwa na jina la tabia ya bua lake, tamu la kutafunwa na watoto. Nilijaza ukurasa. Hakuna hata jina moja lililotaja nchi, bahari wala mtu wa mbali.

Ndivyo walivyo wazungumzaji wa Kinahuatl na masuke yao, nikafikiri. Waliokaa na mmea muda mrefu huuita kwa tabia zake, kwa sababu wamekuwa na muda wa kuzijua.

Nikamwuliza na mahindi je, ana mbegu ngapi. Alinionyesha mfuko wa dukani wenye picha ya mnyama. Akasema, "Haya ni ya dukani." Kisha akatoa kutoka kibuyu cha mwisho punje za rangi mchanganyiko, nyekundu na njano, ndogo na ngumu, zinazofanana na zile za dari la jiko la Lushoto. Akasema hizi alipewa na mama yake, zinastahimili jua kuliko za mfuko, na kwamba alikuwa na jina lake mwenyewe kwa ajili yake, kwa Kigogo, linalohusu ugumu wa punje unapoziuma. Alilitaja, akanisahihisha matamshi mpaka akaridhika, nikaliandika chini ya mtama.

Nilimwuliza kama atanigawia kidogo niende nazo milimani. Akasema kwanza apande, aone mvua ya mwaka huu. Ekari mbili atatia mtama na nusu ekari hayo ya mama yake. Yale ya dukani yatakuwa ya mjukuu wake, alime mwenyewe.